Waliohama kwa Kalamu

Ijumaa, 7 Machi

Mama yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mto ninaolalia. Nimewafukuza shule watoto kumi na mmoja kwa kalamu ya wino wa buluu. Nimeanza na hilo kwa sababu ningeanza na salamu ningepata nafasi ya kughairi, na wewe unanijua. Sasa shikamoo. Vipi mikono, ile sabuni ya kufulia mashuka ya hospitali bado inakuchubua? Sisi huku wazima, ukiuliza miili. Mshonaji wa jirani anakusalimu. Amekubali barua zako zipitie sanduku lake la posta, maana la shule ufunguo anao Baba.

Mambo yamezidi tangu uondoke. Januari, ofisi ya elimu ilibandika orodha ya shule thelathini na nane kwa wastani wa alama. Sisi tulikuwa wa thelathini na saba. Ofisa aliwasimamisha walimu wakuu watano wa mkiani mbele ya wenzao, akamwambia Baba, "Wewe ni mwalimu mkuu au mchunga mbuzi? Maana hata mbuzi wana wastani." Watu wakacheka. Baba alirudi nyumbani akaupiga mateke mlango wa jikoni mpaka bawaba zikang'oka, na kesho yake akazipigilia mwenyewe huku anapiga mluzi, kama fundi aliyeitwa kurekebisha kazi ya mtu mwingine.

Halafu akaandika 50 kwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa ofisi yake. Sheria ni moja: kila alama inayopungua hapo ni kiboko kimoja. Mwenye arobaini na nane anachapwa viwili na kusema asante mwalimu. Mwenye thelathini na moja anachapwa kumi na tisa. Watoto wanamwita Bwana Wastani. Hajui. Au anajua na anapenda.

Sasa ni msimu wa ile fomu ya takwimu. Watoto wangapi, wa kike wangapi, wana miaka mingapi, yatima ni nani, nani haoni vizuri, wastani wa shule ni ngapi. Fomu ni ya lugha ya ofisi, na Baba lugha hiyo imemtoka. Anasoma namba tu, maelezo anayaruka. Mimi ndiyo ninayosomea, kwa hiyo nikitoka sekondari mchana napita ofisini kwake nakaa kwenye ile meza ndogo chini ya kabati. Ananichongea penseli tatu na kuzipanga mbele yangu kama anayemtandikia mgeni. Hapo ndipo ninapompenda, Mama, na hapo ndipo panaponiuma.

Jumatatu alinipa majina kumi ya darasa la sita, wote walipata chini ya thelathini kwenye jaribio. Akasema, "Hawa wakikaa kwenye mtihani wa Aprili tumekwisha. Waandike wamehama."

Nikamuuliza, "Wamehamia wapi, Baba?"

"Kwani daftari limekuuliza?"

Nikaandika. Alisimama nyuma yangu akitazama, akasema, "Mwandiko wako ni wa mama yako mtupu. Mkaguzi akifungua ataona mkono mmoja tangu zamani." Nisamehe. Nilifurahi kusikia kwamba nina mkono wako.

Wa kumi na moja ni Kasuku. Ni namba ishirini na saba daftarini, ana miaka kumi na miwili, na anamwiga kila mtu: muuza maji, mwalimu wa dini, kengele yenyewe. Mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu likizo ile tuliyokaa kwa mama yake. Alipata thelathini na moja, kwa hiyo kalamu ilimruka, akabaki na fimbo. Jana Alhamisi Baba alimleta ofisini na watano wengine. Baba huhesabu kwa sauti. Alipofika kumi na mbili, Kasuku, huku analia, akahesabu pamoja naye, kwa sauti ileile ya Baba, na kile kikohozi chake katikati. Sidhani alikusudia. Nafikiri ndiyo njia yake ya kuvumilia. Wale watano wakaangua kicheko, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kwa pua.

Baba akaweka fimbo chini polepole. Akampiga kofi la sikio la kushoto, kisha la kulia, kwa kiganja kilichokunjwa kidogo kama anayeteka maji. Kasuku akaanguka kwenye mguu wa meza yangu. Alipoinuka damu ilikuwa inashuka nyuma ya taya, nyembamba. Hakulia. Alitutazama midomo mmoja mmoja, halafu akaniuliza kwa sauti kubwa mno, "Mbona mmenyamaza wote?"

Hatukuwa tumenyamaza, Mama. Watano walikuwa wanapiga kelele.

Alipoondoka Baba alinawa mikono, akakaa, akasema, "Namba ishirini na saba naye amehama. Andika Jumatatu, pamoja na wenzake." Nikaandika Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi.

Nasikia viatu vyake barazani, kile cha kulia kinalia. Naiingiza barua hii katikati ya fomu, kwenye kurasa za maelezo. Huko hafiki.

Mwanao,
Kimya


Jumamosi, 15 Machi

Kimya wangu, mboni ya jicho langu,

Marahaba, mwanangu, marahaba mara mia. Barua yako niliisomea chooni kazini, ndiyo sehemu pekee yenye komeo. Mikono inachubuka, lakini ndiyo mikono yangu na mshahara ni wangu, na hakuna anayenihesabia hatua. Mnakula? Wewe unakula? Mshonaji nisalimie sana, mwambie deni lake la ukarimu nitalilipa kwa Mungu.

Nisikilize vizuri. Usimseme Baba yako mbele ya mtu. Usimseme hata mbele ya kioo. Unaujua ule mpira wa maji unaoning'inia nyuma ya mlango wa stoo, na unajua jino langu la mbele limekwenda wapi. Funika kombe mwanaharamu apite. Miezi mitatu tu, natafuta chumba chenye nafasi ya vitanda viwili. Hapa tunalala wanawake wanne, na mmoja anakoroma kama mashine ya kusaga. Nikikipata, nakuja kukuchukua.

Kuhusu mtoto: nimemuuliza nesi wa masikio, nikajifanya ni mpwa wangu. Anasema ngozi ya ndani ikipasuka inaweza kuziba yenyewe, wasimwekee mafuta, wasimwekee maji, wala wasimchokonoe kwa kijiti. Mwambie mama yake. Mwambie kwa siri. Akianza kutoa usaha apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na hiyo kalamu usiilaumu sana. Mkono wa mtoto ukishikwa na mtu mzima, anayeandika ni mtu mzima.

Chakula ukile, hata kama hakipiti.

Mama yako


Jumapili, 23 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nashukuru kusikia u mzima na kwamba hakuna anayekuhesabia hatua. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ninakula. Nimeketi kwa mshonaji, kwenye stuli, kwa sababu ya mgongo siegemei.

Niende moja kwa moja. Jumatano mama yake Kasuku alikuja shuleni. Unamkumbuka, fundi viatu, yule anayekaa na sindano mdomoni. Alimshika Kasuku mkono, na Kasuku alikuwa amefungwa kitambaa kichwani, kinanuka. Masikio yote mawili yanatoa usaha. Nilimpelekea ule ujumbe wa nesi lakini alikuwa ameshaambiwa na mtu amtilie mafuta ya moto.

Hakupiga kelele. Alisema, "Mwalimu, nimempeleka hospitali, wanataka barua ya shule kueleza aliumiaje Alhamisi ile. Niandikie tu. Sitaki kesi."

Baba akamjibu kwa upole kabisa, ule upole wake unaoujua. "Mama, mtoto wako si wa shule hii. Alihama tarehe tatu. Alhamisi unayoisema, sisi hatukuwa naye."

"Amehamia wapi? Mimi ndiye niliyemzaa, sijahama popote."

"Daftari ndilo linalosema." Akaligeuzia kwangu. "Msomee."

Nikamsomea, Mama. Ishirini na saba, wa kike, miaka kumi na miwili, amehama, tarehe tatu Machi. Sauti ilinitetemeka kwenye tarehe. Mama Kasuku hakumtazama Baba. Alinitazama mimi, akatoa sindano mdomoni, akasema, "Wewe si ndiye uliyemfundisha mwanangu kuhesabu kwa vidole?" Basi. Akampangusa Kasuku shavu, akaondoka. Kasuku alinipungia mkono. Hakusikia chochote, alidhani ni matembezi.

Alienda kituo cha polisi. Mshonaji alimsindikiza. Wakaambiwa shule imethibitisha kwa maandishi kwamba haina mtoto huyo, labda aulize huko alikohamia.

Mwalimu wa la sita alikuwa mlangoni muda wote ule, anajua kila kitu, na alitazama viatu vyake kana kwamba vina maswali ya mtihani. Lakini jioni yake alipita kwenye meza yangu, akaacha kipande cha karatasi. Ni ile hesabu yake ya darasa ambayo kila mwalimu hunipa kwa ajili ya fomu. Wavulana ishirini na mmoja, wasichana ishirini, jumla arobaini na mmoja. Na chini, kwenye ulemavu: masikio, mmoja. Nimeificha.

Nyumbani Baba alinipiga kwa ajili ya kutetemeka. Hakuwa na hasira. Alisema, "Mwandishi hatetemeki." Alinihesabia kumi na moja, mmoja kwa kila mtoto, ili nisisahau hesabu, kwa ule mpira wa nyuma ya mlango wa stoo. Ulipofika wa saba nilijisikia nataka kuhesabu pamoja naye kwa sauti yake. Ndipo nilipomwelewa Kasuku. Nikauma kola.

Sasa naomba nikuulize, na usikasirike. Nilipokuwa natafuta nafasi ya kuficha kile kikaratasi nilifungua kabati la chini, kwenye madaftari ya zamani. Miaka minane ya mwandiko wako. Ule mkia wa herufi ya g unaoupinda kama ndoana. Nimehesabu neno "amehama" mara sitini na moja. Mwaka mmoja kuna watoto tisa wamehama siku moja, na wote mahali walikohamia hapajajazwa.

Mama, hao walihamia wapi?

Mwanao anayekupenda,
Kimya


Jumatano, 30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Wiki tano na siku tatu. Kila siku nampitia mshonaji na kila siku anatikisa kichwa kabla sijauliza. Sasa hata wateja wake wananihurumia, wanadhani nina mchumba aliyenitoroka. Natumai kimya chako si cha ugonjwa. Kama ni hasira, nipige kwa maneno, nimezoea vingine.

Mtihani umefanyika. Watoto thelathini walikaa, wastani ni hamsini na tatu. Shule imekuwa ya kumi na moja. Ofisa aliyemwita mchunga mbuzi alimshika Baba mkono mbele ya watu, wakapiga picha. Siku hiyo Baba aliniletea viatu vipya. Vinanitosha vizuri sana, nalia kila nikivivaa.

Kasuku hasikii tena. Hospitali wamesema upande wa kushoto hakuna kitu, wa kulia labda mlango ukigongwa kwa nguvu. Ameacha kuwaiga watu. Sauti yake mwenyewe imeanza kupotea njia, anaongea kwa pua kama mtu aliye ndani ya pipa, na watoto wa mtaani wanamwiga yeye.

Nilichotaka kukuambia ni kuhusu fomu. Ilikwenda jana. Baba aliisaini na kuipiga muhuri kila ukurasa bila kusoma. Alitafuta namba moja tu, hamsini na tatu, akaiwekea kidole, akakibusu.

Jedwali la kwanza, la madarasa, nilijaza kama alivyotaka: la sita, thelathini. Jedwali la pili ni la umri. Hapo la sita lina watoto thelathini na mmoja, kwa sababu niliongeza msichana mmoja wa miaka kumi na miwili. Jedwali la nne ni la ulemavu. Linataka darasa, namba ya mtoto daftarini, aina ya tatizo, na kama alizaliwa nalo au lilianza baadaye, lini. Nikaandika: la sita, namba ishirini na saba, masikio yote mawili, baadaye, tarehe sita Machi.

Wakimwuliza atasema nilikosea. Nataka wewe ujue kwamba sikukosea.

Nijibu hata mstari mmoja.

Kimya


Jumatatu, 5 Mei

Mwanangu,

Sijui nianzie wapi kukuamkua. U mzima? Mgongo umekauka? Nisamehe wiki tano. Barua yako ya Machi niliichoma kwenye jiko la kazini, halafu nikagundua kuichoma hakusaidii, maana naijua kwa moyo.

Umeniuliza walihamia wapi. Wengi walikwenda nyumbani tu, wakakaa. Wa kike waliolewa, wa kiume wakaenda kubeba zege. Niliambiwa ni kwa faida ya shule nami nikaamini, maana nilikuwa nasifiwa mwandiko. Sitini na moja sikuwahi kuwahesabu. Wewe umenihesabia.

Lakini mmoja namjua alikokwenda. Tulimwita Mrefu, alikuwa la tano, na alikuwa mrefu kuliko mlango wa darasa, kila siku anagonga kichwa na kila siku anaomba radhi kwa mlango. Baba yako alimsukuma kifuani kwa ajili ya hesabu za kugawanya. Alianguka kisogo kwenye kona ya dawati. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta chai. Alitapika, akasema anaona usingizi. Alikufa siku ya tatu kwao. Wazazi wake walikuwa vibarua wa mashambani, wageni, hawajui kusoma. Wakaambiwa ni malaria ya kichwa, wakazika, wakaenda zao.

Na mimi usiku wa siku ile ya tatu nilikalishwa mezani. Nikaandika amehama, tarehe ya wiki iliyotangulia. Mkia wa g ya jina lake nikaupinda vizuri.

Wewe umekua ukiamini niliondoka kwa sababu ya jino. Kwa jino ningebaki, mwanangu. Nilishabaki kwa mengine makubwa. Niliondoka miaka mitano baadaye, siku Baba yako aliposema, "Binti naye ana mwandiko mzuri, mwakani ataanza kusaidia." Nilikimbia kalamu. Nikasahau kujiuliza, nikikimbia mimi, kalamu itabaki na nani. Au sikusahau. Miaka mitatu najiambia nilisahau.

Nilikuambia ufunike kombe. Nilikuwa najifunika mimi.

Ndani ya bahasha hii kuna ukurasa uliokunjwa mara nne. Ni mahudhurio ya la tano ya wiki ile, niliuchana kabla hajaniamuru niandike upya. Mrefu ana alama ya kuwepo kila siku mpaka siku ile. Nimelala nao chini ya godoro miaka yote. Mpe anayestahili, mwambie ni mkono wangu na niko tayari kuusemea mahali popote, mbele ya yeyote, hata kama na mimi nitafungwa.

Chumba sijakipata. Nakuja bila chumba. Jumamosi, tarehe kumi na saba, basi la asubuhi. Usimwambie.

Mama yako


Alhamisi, 15 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima hadi dakika hii, saa kumi alasiri, ofisini kwa Baba. Natumai nawe, na kwamba tiketi umekata.

Barua yako niliisoma mara moja tu. Mara ya pili sikuweza. Sijakukasirikia. Au nimekukasirikia na nakutaka hapa, yote mawili kwa pamoja.

Jumanne alikuja ofisa takwimu. Mwanamke mnene, mpole, ana rula ya mbao kwenye mkoba, na kila mstari anaousoma anauwekea rula chini. Alisema kwa kawaida fomu zetu zilikuwa safi kuliko zote za wilaya, ndiyo maana ameshangaa. "Mwalimu Mkuu, jedwali la kwanza lina thelathini. La pili lina thelathini na mmoja. Huyu mmoja anatoka wapi?"

Baba akacheka. "Kosa la kalamu, mama. Anayejaza ni binti yangu, mtoto wa shule."

"Inawezekana. Ila kosa hili lina masikio." Akasogeza rula hadi jedwali la nne. "Namba ishirini na saba. Daftarini amehama tarehe tatu. Hapa amekuwa kiziwi tarehe sita, shuleni kwako. Mtu aliyehama anawezaje kuumia mahali asipokuwepo?"

Nilimwona Baba akitazama ile 50 ukutani kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Ofisa akanigeukia. "Binti, ulikosea?"

Nilijaribu kusema. Unanijua, Mama, mimi hata sokoni naonyesha kwa kidole. Sauti haikutoka. Nikatikisa kichwa kwamba hapana, nadhani mara tatu. Baba akasema, "Ni mzito kidogo, ana aibu," naye ofisa akasema, "Naona." Akafunga mkoba. "Ijumaa nitarudi nihesabu vichwa mwenyewe. Nitaanza na la sita."

Alipotoka tu langoni Baba alifunga mlango. Nitakuambia kwa ufupi kwa sababu utajionea mwenyewe Jumamosi. Alinigonga uso kwenye daftari, kwenye ukurasa uleule, mara mbili, na damu ya pua ikaingia kwenye safu ya "amehama". Alinikanyaga mkono wa kulia. Vidole viwili vimevimba, ndiyo maana mwandiko huu si wako. Mwalimu wa la sita alikuja kugonga mlango. Aligonga kwa nguvu, Mama, akasema, "Mwalimu Mkuu, fungua, au nitaita watoto wote waje wasikilize." Baba akafungua, akampiga kwa rula ya chuma mpaka paji likapasuka. Mwalimu hakurudisha pigo. Alisimama tu na damu kwenye kope, akasema, "Ni arobaini na mmoja. Niliandika arobaini na mmoja." Mtu aliyetazama viatu vyake miezi miwili.

Jana sikwenda shule. Nilikwenda kwa fundi viatu. Nilimkuta anagonga kisigino, na Kasuku amekaa pembeni ameweka kiganja kwenye kibao ili asikie nyundo kwa mkono. Niliongea, Mama. Sentensi mbili. "Mimi ndiye niliyemwandika amehama. Siku hiyo alikuwepo, niliona." Alinirushia kiatu. Kilinipata begani, nami sikukwepa. Halafu akalia, halafu akaniletea maji. Nikampa kile kikaratasi cha arobaini na mmoja na ukurasa wako wa Mrefu. Ameshavipeleka kwa ofisa takwimu mwenyewe, na mshonaji alikuwa shahidi. Kwa hiyo hilo limekwisha, halimo tena mikononi mwa mtu wa nyumba yetu.

Limebaki hili la leo. Baba amenikalisha hapa na fomu mpya, safi. Anataka jedwali la pili lisome thelathini, la nne lisome sifuri, na chini niandike kwa lugha ya ofisi kwamba mimi, binti yake, nilidanganya kwa sababu ya akili yangu. Ameniambia, "Nikirudi nikute tayari." Ametoka na wazee wa kamati. Ameacha mpira mezani ili unisimamie. Na amenichongea penseli tatu.

Nimeijaza, Mama. La sita, arobaini na mmoja, jedwali la kwanza na la pili. Kasuku na wale kumi nimewarudisha wote daftarini, kila mmoja na namba yake, kwa mkono wa kushoto. La nne, mmoja. Kuna nafasi chini inayouliza sababu, nafasi ambayo miaka yote huwa tunaiacha wazi. Nimeijaza kwa lugha ya nyumbani, ili Baba asiweze kuiruka: "Alipigwa na mwalimu mkuu. Nilikuwepo. Nilicheka." Nikasaini jina langu lote.

Kiatu cha kulia kinalia kwenye korido. Yuko peke yake, wazee hawamo.

Fomu iko wazi juu ya meza, na barua hii juu yake. Ikikufikia ina mikunjo, nimeikunja mimi. Ikikufikia imechanika, utajua nani. Watoto ni arobaini na mmoja hata hivyo.

Amefika kwenye ngazi. Kila mara huwa natafuta pa kuificha. Leo naiacha hapahapa, kwa sababu mikono yote miwili naihitaji masikioni.

Mwanao